Nataka niondoke alfajiri, nisirudi tena

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi kijiji kimoja wilayani Muheza. Niliolewa miaka 19 iliyopita, ndoa ya Kiislamu, na cheti ninacho. Mume wangu anafanya biashara ya machungwa. Anayanunua yakiwa bado mtini, anaweka vijana wa kuchuma, anapakia lori na kwenda kushusha Dar es Salaam, na msimu ukikubali hadi Mombasa. Tulianza hatuna kitu. Mzigo wa kwanza tuliununua kwa pesa ya vitumbua vyangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nahesabu machungwa usiku kwa tochi, mtoto mgongoni.

Miaka minne sasa ana mke mwingine Chalinze. Hakuniambia yeye, niliambiwa na utingo wa lori. Nilipomuuliza alisema dini inamruhusu, basi, na toka siku ile hayo mazungumzo hayajafunguliwa tena. Hanipigi, hanitukani. Pesa ya kula analeta. Ila akija nyumbani, mara moja kwa wiki tatu hivi, ni kama mgeni aliyepanga chumba. Anakula, anapiga hesabu zake, anaongea na simu nje chini ya mwembe, usiku analala chumba cha mtoto wa kiume anasema huku kwangu kuna joto. Mwaka jana niliugua nikalazwa siku sita. Alituma pesa ya dawa. Yeye hakuja.

Nimechoka, Shangazi. Naamka, nafagia uwanja, nachoma vitumbua, nauza, narudi, na katikati ya siku najiona kama mtu aliyekwisha kufa ila watu hawajapewa taarifa.

Nina rafiki yangu wa toka shule ya msingi, yuko Katoro mkoani Geita, anauza chakula kwa wachimbaji wa dhahabu. Ananiambia njoo, huku mtu halali njaa, mtaji wa laki tano unatosha, utakaa kwangu mpaka upate chumba. Tumezungumza miezi mitatu na nimeshaamua. Nataka niache kila kitu nikaanze upya mahali ambapo hakuna anayenijua.

Mpango wangu ni huu. Mume wangu ameniachia shilingi 3,400,000 za kuwalipa wenye mashamba na wachumaji. Hiyo naichukua, naihesabu ni malipo yangu ya miaka 19. Nyumba ni ya vyumba vinne, imeezekwa bati, kiwanja kimeandikwa jina lake. Sitaki hata tofali. Kwenye vikoba nilikopa 1,200,000 na bado nadaiwa laki saba. Wadhamini wangu ni majirani wawili, nitawatumia nikishapata. Binti yangu mkubwa ana miaka 17, yuko kidato cha nne, bweni. Wa pili ni mvulana wa miaka 13, darasa la saba. Wa mwisho ana miaka 6. Nitawaacha kwa wifi yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, anawapenda. Nitawaambia naenda msibani Korogwe, maana nikiwaambia ukweli sitaweza kuondoka. Nikitulia nitamfuata huyu mdogo. Laini mpya ya simu nimeshanunua.

Mama yangu mzazi sijamwambia kwa sababu najua atasema nini. Begi liko jikoni, chini ya magunia ya mkaa, lina wiki mbili sasa. Kila nikichota mkaa naliona.

Je, nitakuwa nimekosea? Naomba usiniambie nivumilie. Nimevumilia.

Mama Watatu, Muheza

*

Marahaba, mwanangu.

Sitakuambia uvumilie. Umeshaambiwa vya kutosha, na mtu ambaye mumewe ameoa mke mwingine akaja kuambiwa na utingo, akalazwa siku sita bila kuonwa na mumewe, hana deni la uvumilivu kwa mtu yeyote. Kuondoka unaweza, na sidhani kama utakuwa umekosea kuondoka.

Kama angekuwa anakupiga, jibu langu lingekuwa fupi sana. Ningekwambia toka leo, beba watoto, pita kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, mengine tutayapanga baadaye. Lakini umesema hakupigi na pesa ya kula ipo. Maana yake una muda, kitu ambacho wanawake wengi wanaokimbia hawana. Hakuna anayekufukuza alfajiri. Hilo begi chini ya mkaa limewekwa na mtu aliyechoka, namwelewa, ila mtu aliyechoka hapangi safari vizuri.

Kinachonitisha kwenye barua yako ni hayo maneno mawili, "kila kitu". Nimekaa nayo siku nzima. Unasema unaacha kila kitu, lakini ukitazama vizuri umechanganya mambo manne kwenye gunia moja: mume, mali, madeni na watoto. Mume unaweza kumwacha. Hayo mengine kila moja lina njia yake, na ukiyaacha yote kwa mkupuo mmoja yatakufuata Katoro kabla hujapata hata jiko.

Nianze na pesa ya machungwa, kwa sababu naogopa utakuwa umeshaigusa kabla hujasoma hapa.

Usiichukue. Najua uchungu wako, na najua mtaji wa kwanza wa biashara ile ulikuwa vitumbua vyako. Lakini hiyo 3,400,000 si yako, na wala si ya mumeo. Ni ya mzee aliyeuza machungwa yake mtini akingoja kulipwa, na ya kijana aliyepanda ngazi kuchuma. Ukiondoka nayo, mumeo hatakutafuta kama mke aliyekosewa. Atakutafuta kama mwizi, na kijiji kizima kitakuwa upande wake, pamoja na wale wanaojua alivyokutenda.

Kuna sababu nyingine, na hii naomba uisome taratibu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu ya mwanamke mmoja, Bi Hawa Mohamed, dhidi ya aliyekuwa mume wake, Ally Sefu. Walikuwa Waislamu kama nyie. Yeye alikuwa mama wa nyumbani, akadai sehemu ya nyumba waliyoipata wakiwa kwenye ndoa. Mahakama ikasema kazi za nyumbani, kupika, kufua, kulea watoto, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia na zihesabiwe hivyo. Mpaka leo wanawake wa nchi hii wanasimama juu ya hukumu hiyo. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, yeye akazitapanya, na mahakama ikaona kwa kufanya hivyo ameiharibu haki yake mwenyewe. Wewe una miaka 19 ya vitumbua na machungwa ya kuhesabiwa kwa tochi. Una haki nzito kuliko wengi. Usiitupe kwa milioni tatu na laki nne ambazo Katoro zitakwisha kabla ya mwaka.

Sasa hiyo nyumba unayosema hutaki hata tofali. Leo hutaki. Siku binti yako atakapotaka ada ya chuo utalitaka, na utakuwa umelitupa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi kuhusu hili. Kifungu cha 59 kinasema nyumba ya ndoa, hata kama imeandikwa jina la mmoja tu, mwenye jina haruhusiwi kuiuza, kuigawa wala kuiwekea rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa bado ipo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mlizochuma pamoja pale ndoa inapovunjwa. Hakisemi mgao ni nusu kwa nusu. Kinaangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi. Kwa hiyo mchango wako lazima uonekane.

Wiki hii, badala ya kupanga nguo kwenye begi, panga karatasi. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watatu, kitambulisho chako cha Taifa, daftari lako la vikoba la miaka yote. Hati ya mauziano ya kiwanja itoe nakala, uirudishe ilipokuwa. Kama kuna risiti ya bati au saruji uliyolipa wewe, hiyo ni dhahabu kuliko ya Katoro. Andika majina ya watu waliokuona ukisomba maji ya kufyatulia matofali, maana mashahidi nao wanazeeka na wengine wanahama. Nakala moja ya hivyo vyote iache kwa mtu usiyemtilia shaka.

Halafu mwandikie barua mwenyekiti wa kijiji, umweleze kwamba ile ni nyumba yenu ya ndoa na hujaridhia iuzwe. Mwombe aipokee kwa mhuri, na wewe ubaki na nakala. Nasema hivi kwa sababu mnunuzi wa kiwanja kijijini huwa anapitia kwa uongozi wa kijiji kutafuta shahidi na mhuri. Barua yako ikiwa mezani, hapo mambo yanasimama. Tanga mjini kuna ofisi ya TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na wasaidizi wa kisheria wapo hadi wilayani. Nenda ukae nao hata saa moja. Nauli ya Muheza hadi Tanga utaipata kwenye vitumbua vya siku mbili.

Na kuvunja ndoa, kama ndiko unakoelekea, kuna utaratibu wake. Mtaanzia kwenye baraza la usuluhishi, kwa nyinyi mara nyingi ni lile la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, na likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo ndiyo unaipeleka mahakama ya mwanzo. Ukitoroka bila neno, wewe unayestahili kusikilizwa ndiye utakayeandikwa kuwa umeitelekeza ndoa. Baraza litakuita, laini imebadilishwa, na maneno yatakayobaki ni ya upande wake peke yake.

Vikoba sitasema mengi. Wale majirani wawili waliweka majina yao kwa ajili yako. Siku ya kikao watakapoitwa kulipa laki saba ambazo hawakuzila, mmoja atauza mbuzi na mwingine atagombana na mume wake. Nenda kwa mwenyekiti wa kikundi kabla ya kuondoka, mwambie unahama, waombe wakate hisa zako kwenye deni na kilichobaki wakupangie kwa mwezi. Vikundi vingi vinakubali mtu akijitokeza mwenyewe. Wasichosamehe ni kusikia umeondoka.

Nimefika kwa watoto. Hapa itabidi nikueleze habari zangu, ambazo kwenye safu hii sijawahi kuzieleza.

Mwaka 1989 nilikuwa na miaka 28, naishi Kilosa. Nami nilikuwa na sababu zangu na nilikuwa na begi. Mtoto wangu wa kiume alikuwa na miaka mitano. Nilimwacha kwa bibi yake mzaa baba, mwanamke mwema, nikamwambia, "Naenda sokoni, nitakuletea muwa." Nikapanda treni ya Mwanza. Nilikaa dirishani mpaka Dodoma sijafumba jicho, na naungama kwako kwamba nilichokuwa nakisikia hakikuwa huzuni. Nilikuwa nahisi wepesi, kama mtu aliyetuliwa kuni. Mwanza nikapanga chumba Kirumba karibu na soko la dagaa. Siku ya kwanza nikanunua sahani moja ya bati na kijiko kimoja, nikapika ugali, nikakaa chini kula. Nilimega tonge la kwanza nikaliweka pembeni lipoe, kama nilivyokuwa nikimfanyia mwanangu kila siku. Nikalitazama lile tonge mpaka likawa gumu.

Niliporudi Kilosa kumchukua ilikuwa imepita miezi 14. Bibi yake hakunifokea. Aliniambia tu kwamba kila alasiri, kwa wiki kadhaa, yule mtoto alikuwa anachukua kikapu kidogo anaenda kukaa njiapanda, anipokee mzigo nikitoka sokoni. Akiulizwa, anajibu mama amechelewa.

Leo ana miaka 41, ni baba wa watoto wawili, na tunapendana. Lakini mke wake akichelewa kutoka sokoni hata nusu saa, anatoka kwenda kusimama barabarani. Mkewe anadhani ni mapenzi. Mimi ninajua ni nini, na kila ninapomwona amesimama pale ninaingia ndani.

Kuondoka kwangu sikujutii hata kidogo. Kule Mwanza nilipata maisha ambayo Kilosa nisingeyapata. Lile neno "sokoni" ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo.

Kwa hiyo msiba wa Korogwe ufute, mwanangu. Umesema ukiwaambia ukweli hutaweza kuondoka. Mimi nadhani utaweza, ila utaondoka kwa taratibu nyingine, na watoto ndio watakaokupangia tarehe. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba. Kidato cha nne wanafanya Novemba. Binti amekaa darasani miaka 11 akielekea kwenye mitihani hiyo. Usimpe habari ya mama aliyepotea wiki ambayo anatakiwa kukumbuka kanuni za fizikia. Subiri Novemba iishe. Umekaa miaka minne, miezi hii iliyobaki utaiweza, hasa ukiwa unajua unafungasha.

Huyu mkubwa mwambie yote akimaliza mtihani. Ana miaka 17, na usije ukashangaa akikwambia alijua siku nyingi. Wa kiume mwambie mkiwa mnafanya kazi, mkiwa mnapanga kuni au mnasafisha mchele, vijana wa umri huo hawataki kutazamwa usoni wakisikia jambo zito. Muulize anataka kuanzia kidato cha kwanza wapi, jibu lake ulisikilize hata kama litakuuma. Huenda akataka kubaki na baba yake na machungwa. Asikuone umevunjika.

Mdogo, kwa maoni yangu, aende na wewe toka siku ya kwanza. Sheria ya Ndoa inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema awe na mama yake. Mahakama inaweza kuamua vingine ikiona sababu, lakini hapo ndipo inapoanzia, na wako ana sita. Miezi yako 14 ikipita, kama ilivyopita yangu, utakuwa unamdai mtoto wa miaka saba na zaidi aliyezoea kumwita shangazi yake mama. Matunzo ya baba yao yanaendelea popote walipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi atunze, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye wa kumwendea akilegea.

Kuhusu Katoro kwenyewe. Rafiki yako simfahamu, na sina sababu ya kumshuku. Ni mji wa biashara kwelikweli, pesa inazunguka, na mama lishe mwenye mkono mzuri anaishi. Lakini amekuambia upande mmoja. Mji unaotegemea dhahabu una msimu kama machungwa yako, tofauti ni kwamba msimu wake haujulikani mwezi. Kukitokea rashi, yaani dhahabu mpya imeonekana mahali, watu wanamiminika, sahani ya wali inapanda bei na kila mtu anacheka. Duara, lile shimo la kuchimbia, likikauka, wateja wako wa jana wamehamia kwenye machimbo mengine usiku mmoja, na wameondoka na daftari lako la madeni. Maana mchimbaji anakula kwa mkopo. Anakwambia "mama, andika, mawe yakitoka karashani nakulipa", karasha ni mashine ya kusaga mawe, na mawe mengine hutoka humo hayana kitu. Hiyo laki tano anayoisema itakwenda kwenye sufuria, mchele, mafuta na mkaa, na ile wiki ya tatu ambayo umelisha watu 30 na hujalipwa na 20 huwa haihesabiwi. Chumba nacho, wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita mbele. Hapo sijagusa ada wala sare ya mtoto. Na ukifika na mtoto, angalia wapi wanachoma dhahabu kwa zebaki. Ule moshi ni sumu, usipange chumba karibu nao.

Nenda kwanza kama mgeni. Mwezi ujao chukua wiki mbili, aga kwa sauti, sema unakwenda Geita kumtembelea rafiki yako. Siku hizi ukipitia Mwanza daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, habari za kungoja kivuko zimekwisha. Amka na rafiki yako saa kumi usiku, washa naye jiko, pika naye, osha naye vyombo, na jioni muombe akuonyeshe daftari la madeni. Hilo daftari litakuambia zaidi ya miezi mitatu ya simu. Tazama pia usiku unakuwaje pale kwa mwanamke aliye peke yake. Ukirudi bado unataka, basi unataka kweli. Ukirudi umegundua kwamba ulichokuwa unakitaka ni kutoka kwenye ile nyumba, na Tanga mjini nako watu wanakula vitumbua asubuhi, hiyo nayo ni habari njema. Mtaji kusanya kwa vitumbua na hisa zako za vikoba kuanzia sasa.

Limebaki la mumeo, nalo nimeliacha nyuma kwa makusudi. Mwambie. Mtafute mshenga wenu kama yu hai, au mzee wa upande wake anayekuheshimu, na shehe wa msikitini kwenu, waje siku akiwa amerudi. Uwe umeshatoa nakala zako na barua ya mwenyekiti imeshagongwa mhuri. Zile 3,400,000 mkabidhi au umwonyeshe majina ya waliolipwa, mbele ya hao hao, shilingi kwa shilingi. Kisha mweleze kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi: mgeni aliyepanga chumba, siku sita hospitali, mtu aliyekufa bila taarifa kutolewa. Anaweza kunyamaza kama kawaida yake. Anaweza pia kuongea, na sikuahidi utakachosikia. Miaka minne hamjafungua mlango huo, na katika miaka hiyo wewe umejiambia mengi kwa niaba yake. Baada ya kikao hicho hakuna atakayesema ulitoroka.

Mama yako mwambie kabla ya kikao. Atasema vumilia, ndiyo, wa umri wetu ndivyo tulivyofundwa. Acha aseme, halafu kaa hapo hapo usiondoke. Mara nyingi mama akishamaliza kusema vumilia, huuliza una nauli.

Leo ukiingia jikoni, litoe hilo begi chini ya mkaa, ulikung'ute, uliweke juu ya kabati ambako kila mtu analiona. Huyo wa miaka sita atakuuliza begi la nini. Mwambie siku moja, shule ikifungwa, utasafiri naye kwenda mahali panaitwa Katoro. Mfundishe kulitaja jina mpaka alishike, na mchoree chini kwa kijiti: hapa Muheza, hapa Dodoma, hapa ziwa, hapa sisi.